Unataka gari liteme moshi mweupe? Anzia kwenye paipu!

SIO siri, tangu sinema ya The Fast and the Furious ilipotoka mwaka 2001, kijana wa mjini ukimtajia naitrasi hafikirii tena daktari wa meno na ile gesi ya kuchekesha. Anafikiria gari limesimama, injini inaunguruma, halafu ghafla 'pshiiii!', moshi mweupe unaruka juu pembeni ya boneti na mabinti wote wanageuka. Hapo mtu anakuwa keshauza sura vya kutosha kabla gari halijasogea hata hatua moja.

Mimi sina ugomvi na kuuza sura. Ugomvi wangu ni na paipu. Mwaka jana nilikuwa majuu, Houston, Texas, kwa binamu yangu ambaye ana Mustang ya silinda nane na anashindana nalo kwenye uwanja wa mbio wa halali. Nikamkuta gereji amezungukwa na vifaa, mkononi ana mita kadhaa za mpira wa kawaida wa kupitishia petroli. "Kaka, huu si unatosha tu? Kazi yenyewe ni kupuliza hewa," akaniuliza.

Nikamwomba auweke chini kwanza tuongee.

Tuelewane kuhusu hicho kinachopulizwa. Mtungi wa naitrasi unakaa nyuma kwenye buti, injini iko mbele. Katikati kuna paipu ya mita kadhaa. Gari likikaa bila kutumia naitrasi, paipu ile inajaa hewa au gesi tupu badala ya naitrasi ya majimaji. Dereva akibonyeza swichi, petroli ya nyongeza inafika mara moja lakini naitrasi yenyewe inachelewa, basi injini inakohoa sekunde ile ile ambayo mwenzake anaondoka. Ndiyo maana ikabuniwa koki ndogo ya umeme, mafundi wanaiita solenoidi, inayofungwa karibu kabisa na koki kuu. Unaifungua kidogo, gesi inatoka nje, majimaji yanafika mlangoni. Ni kama fundi wetu wa Ilala anavyotoa upepo kwenye breki. Tena kwa taarifa yako, naitrasi haina rangi. Ule moshi unaoushangilia kwa sehemu kubwa ni unyevu wa hewa ulioganda kwa baridi, kwa sababu naitrasi inachemka kwenye nyuzi 88 chini ya sifuri!

Sasa njoo kwenye presha. Tairi la gari dogo unalijaza kama psi 30. Mtungi wa naitrasi kwenye joto la nyuzi 20 tu una zaidi ya psi 700. Kwenye nyuzi 30 unapita 900, na mafundi wengi wa mbio wanaupenda uwe kati ya 900 na 1,000. Zidisha tairi mara thelathini, halafu nitazame machoni uniambie habari za mpira wa petroli.

Siri ya mchezo mzima ni kwamba koki ile ndogo inaigawa njia mara mbili. Kabla ya koki, kila sentimita inabeba presha yote ya mtungi muda wote mtungi ukiwa wazi. Baada ya koki, njia iko wazi kwa hewa, presha inashuka. Kwa hiyo hela yako yote nenda kaimalizie upande wa kwanza.

Upande huo unataka ile hosi yenye teflon ndani na wavu wa chuma kisichoshika kutu nje. Hapa ndipo watu wanapoingizwa mjini. Zipo hosi nyingine zenye wavu unaong'aa vile vile, lakini ndani ni mpira, zimetengenezwa kwa ajili ya mafuta au oili. Ukiziweka pamoja mezani hutazitofautisha. Usinunue mng'aro! Muulize muuzaji ndani kuna nini na imeandikiwa psi ngapi. Zile nzuri za teflon huwa zinafika kama 3,000. Saizi inayotumika sana ni namba 4. Namba hizo zinahesabu sehemu za kumi na sita za inchi, hivyo namba 4 ni robo inchi. Wenye mashine kubwa sana wanapanda hadi namba 6.

Ipitishe chini ya gari, mbali na ekzosi, maana joto linapandisha presha na kuyageuza majimaji kuwa gesi, yaani unarudi kule kule ulikokimbia. Na uifunge isichezecheze. Wavu ule wa chuma ukisugua kitu unakikata kama msumeno, sijui kwa nini watu hawaliongelei hili.

Baada ya koki ndipo unaruhusiwa mapozi. Paipu za hapo huwa za chuma au madini mengine, nyembamba, kuanzia moja ya nane ya inchi hadi robo. Ikiwa nyembamba, mkondo unatoka mwembamba na unapoteza gesi kidogo; ikiwa nene unapata wingu na mtungi unaisha mapema. Shaba tupu unaikunja kwa mkono, ila mtikisiko ukizidi inakuwa ngumu na kupasuka. Chuma kisichoshika kutu kinapendeza ile mbaya, lakini bila kifaa cha kukunjia utalia. Plastiki niondolee, baridi ile inaikakamaza. Mimi nilimshauri binamu achukue paipu ya breki ya mchanganyiko wa shaba na nikeli, inchi tatu za kumi na sita. Inakunjika kirahisi, haili kutu, na ni imara. Hiyo imara ina maana yake: ukiikunja vibaya ikabanwa, au tope likaziba mdomo, upande huu nao unageuka kuwa wa presha.

Akakubali, lakini akataka kuichanua mdomo kama wanavyochanua paipu za breki. Hapana bwana. Breki za Kimarekani zinachanuliwa nyuzi 45, nati za naitrasi ni nyuzi 37. Ukilazimisha zinaingia, halafu zinavuja. Na kwenye nati hizo usizungushe ile tepu nyeupe ya mafundi bomba. Haihitajiki, na vipande vyake vikiingia ndani vinaziba koki.

Mdomo wa paipu je? Wengi wanautokezea chini ya kioo cha mbele kwa sababu ndipo unapoonekana. Sawa, lakini magari mengi yanavutia hewa ya ndani hapo hapo. Naitrasi ya magari huwekewa salfa kidogo ili watu wasiivute kwa starehe, na ikijaa ndani inachukua nafasi ya oksijeni. Uelekeze juu na nje, na feni iwe ya kuzungusha hewa ya ndani. Usiuelekeze kwenye mdomo wa injini wa kuvutia hewa, maana hapo injini inameza naitrasi bila petroli yake, na pistoni hazina huruma.

Ukimaliza kufunga, paka maji ya sabuni kwenye kila nati, fungua mtungi taratibu utazame mapovu. Usipapase kwa mkono, baridi ile inaunguza ngozi kama moto. Ukiona povu, funga mtungi, bonyeza swichi ya kupulizia mpaka kimya kiwe kimya, ndipo ushike spana.