Siku Moja tu ya Matembezi: Twende au Tubaki?



Mwezi huu sisi walimu wa kujitolea tunapenda kuzungumza nanyi juu ya swali moja linalorudi kila panapotokea ugonjwa wa kuambukiza. Serikali imefunga njia. Watoto wamechoka kukaa ndani. Halafu anakuja mtu anasema: "Jamani, siku moja tu. Tukitoka asubuhi tukarudi jioni, nani atajua?" Je, tumjibu nini?

Wengi wetu tunaofundisha hapa kambini tuliishi Kampala wakati wa korona, upande wa Katwe na Nsambya, ambako Wakongomani wengi wamepanga vyumba. Swali hilo tulilisikia kwa masikio yetu. Basi tuanze na hali ilivyokuwa, maana vijana wengine walikuwa wadogo na wamesahau.

Hali ilivyokuwa

Shule zilifungwa Machi 2020. Tarehe 21 Machi akapatikana mgonjwa wa kwanza Uganda, msafiri aliyeshuka Entebbe akitoka Dubai. Siku chache baadaye takisi na bodaboda zikakatazwa kubeba abiria, halafu magari ya binafsi nayo yakasimamishwa, na ikifika saa 1 jioni kila mtu awe ndani. Baadaye njia zilifunguliwa kidogo kidogo. Lakini wimbi la pili likaja. Tarehe 10 Juni 2021 safari za wilaya hadi wilaya zikasimamishwa, na tarehe 18 Juni usafiri wote ukafungwa tena kwa siku 42. Yaliyopita ni magari ya mizigo, ya wagonjwa na ya wafanyakazi wenye kibali.

Walioumia kimya kimya ni watoto. Wale wa darasa la 1 hadi la 3 walikuwa warudi shuleni tarehe 7 Juni 2021. Siku hiyo hiyo shule zikafungwa tena! Mtoto wa namna hiyo, aliyefunga daftari lake Machi 2020, hakukaa tena kwenye dawati mpaka Januari 2022. Ni karibu miaka 2.

Lori la ndizi

Mwaka ule Idd ya kuchinja iliangukia tarehe 20 Julai 2021. Zilikuwa zimebaki siku 10 tu njia zifunguliwe. Mtaani kwetu majirani, Waislamu kwa Wakristo, wakaanza kupanga kuwapeleka watoto Entebbe wakaone ziwa na ndege zikitua. Ni mwendo wa kama kilomita 40. Dereva mmoja mwenye lori la ndizi alikubali kuwabeba: watu wakae nyuma, turubai juu, na askari wakiuliza ni mzigo tu.

Tulibishana siku 2 nzima. Waliotaka kwenda hawakuwa wajinga, na hoja zao tuziseme kwa haki.

Ya kwanza, watoto walikuwa wanaharibika. Chumba kimoja, watu 7, mtoto anatazama ukuta asubuhi mpaka jioni. Wengine walikuja Uganda wakikimbia bunduki, na kufungiwa ndani huku askari wanapita nje kuliwarudishia yale ya nyuma. Walianza tena kukojoa kitandani.

Ya pili, pembeni ya ziwa kuna hewa. Mama mmoja aliuliza: "Mnaniruhusu kubanana sokoni, mnanikatalia ufukwe mtupu?" Hakukosea. Korona huambukiza zaidi mahali palipobanana pasipo na hewa kuliko nje.

Ya tatu, wakubwa wenyewe hawafuati. Kabla ya uchaguzi wa Januari 2021 sote tuliona makundi ya watu kwenye kampeni. Na siyo Uganda tu. Uingereza, Aprili 2020, watu walipoambiwa wabaki nyumbani, Dominic Cummings, mshauri mkuu wa waziri mkuu, alikuwa ametoka London na familia yake kwenda Durham. Tarehe 12 Aprili, siku ya Pasaka, akaendesha gari hadi mji wa Barnard Castle. Alipoulizwa alisema alikuwa anajaribu kama macho yake yanaona vizuri! Na Aprili 2022 waziri mkuu mwenyewe, Boris Johnson, alipigwa faini na polisi kwa kuhudhuria mkusanyiko wa sikukuu yake ya kuzaliwa mwaka 2020. Watu wakasema: kumbe amri ni ya wadogo.

Mwishowe familia 4 zilipanda lori, nyingine zikabaki. Waliokwenda walirudi salama. Hawakukamatwa, hawakuugua, na watoto wao walicheka wiki nzima. Tunayaandika hayo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Wazee wetu hupenda hadithi ambayo mvunja amri anatumbukia shimoni mwishoni, lakini maisha hayaendi hivyo kila mara. Sasa, kama hawakupata shida, kwa nini sisi bado tunasema haikufaa?

Jioni tunarudi kwa nani?

Kwa mawazo yetu, watu wengi huuliza swali lisilo lenyewe. Huuliza, "Tutakamatwa?" Afadhali kuuliza, "Jioni tunarudi kwa nani?"

Aliyepanda lori aliamua mwenyewe. Bibi wa chumba cha pili, mwenye ugonjwa wa sukari, hakuamua. Wala mama mwenye kichanga hakuulizwa. Katika nyumba zile za kupanga choo ni kimoja, bomba ni moja, na mtu aweza kubeba korona bila hata kukohoa. Na hewa ile nzuri ya ziwa ilikuwa mwisho wa safari tu. Njiani watu walibanana chini ya turubai, kwenda na kurudi. Uganda ilihesabu vifo zaidi ya 3,600 vya korona, na anayemletea mtu ugonjwa aweza kuwa yule yule anayempenda.

Hilo lilionekana wazi zaidi mwaka 2022. Tarehe 20 Septemba serikali ilitangaza Ebola wilayani Mubende, na tarehe 15 Oktoba Mubende na Kassanda zikafungwa. Mwezi huo mtu mmoja kutoka Kassanda alikuja Kampala kutafuta matibabu, akafia hospitali ya Kiruddu. Jamaa zake 7 wa Masanafu, Rubaga, wakapatikana na Ebola, na ndani yao watoto wa shule. Yule bwana hakwenda matembezi. Alikuwa mgonjwa anayetafuta uhai, nasi hatumhukumu. Tunamtaja ili tuone jinsi ugonjwa unavyosafiri. Unashuka stendi, unakwenda moja kwa moja kwa ndugu, unapokelewa vizuri na kutengewa chakula.

Kwa sisi wakimbizi kuna jambo lingine. Askari akifunua turubai, mwenyeji atalipa faini, yaishe. Mwenye kitambulisho cha mkimbizi ataitwa kwa jina la wote. Kesho mwenye nyumba atasema, "Nyie wakimbizi ndio mnatuletea ugonjwa," na atakayeambiwa hayo labda ni yule aliyebaki nyumbani.

Na amri ikiwa mbaya?

Hatusemi kila amri ni nzuri. Mwanzoni mwaka 2020, mgonjwa au mama mjamzito alitakiwa kupata kibali cha mwakilishi wa rais wilayani ndipo apandishwe gari. Uchungu haungoji kibali. Kuna waliojifungulia njiani, na kuna waliokufa. Katika hali ya namna hiyo hatuwezi kumwambia mtu akae. Aende, na jirani mwenye gari amsaidie.

Lakini tazama jinsi amri ile ilivyobadilika. Watu walipaza sauti wazi, vyombo vya habari vikaandika, na Aprili 2020 ikatangazwa kwamba wajawazito waende hospitali bila kungoja kibali. Kama kila familia ingepita kwa siri chini ya turubai, mama asiye na lori angeendelea kufia nyumbani.

Basi tunapendekeza hivi:

1. Likiwa jambo la uhai, nenda wazi, mchana, na uwajulishe viongozi wa mtaa au wa kambi.

2. Amri ikiwaumiza wengi, isemwe mkutanoni na kwa viongozi wetu, isikwepwe usiku.

3. Likiwa jambo la kufurahi, tutafute furaha ambayo jirani hatailipia.

Hilo la tatu linawezekana. Familia zilizobaki siku ile ya Idd zilitoka kwa miguu, kila familia peke yake, hadi Ziwa la Kabaka pale Mengo, ambalo lilichimbwa kwa mikono ya watu wakati wa Kabaka Mwanga, miaka ya 1880. Kutoka Katwe haifiki saa 1 kwa mguu. Watoto walihesabu ndege, wakala maandazi, wakarudi kabla ya jua kuzama. Hawakuona ndege za Entebbe, na wengine walilia kwa ajili hiyo. Lakini walikimbia, walipata hewa, na usiku ule walilala vizuri.

Ebola ilirudi Januari 2025, safari hii Kampala kwenyewe, ikaisha Aprili. Njia hazikufungwa, kwa hiyo hapakuwa na amri ya kuvunja. Hata hivyo kila aliyekuwa na homa au aliyemgusa mgonjwa alitakiwa kujiuliza swali lile lile kabla ya kupanda basi kuja kusalimia ndugu.

Tunawaomba wazazi wakae na watoto wao mwezi huu, walizungumze. Muulizeni kila mmoja: siku njia zikifungwa tena, tutatembea wapi hapa karibu? Na ni nani katika nyumba yetu, au ya jirani, ambaye hatuwezi kumletea ugonjwa? Majibu yenu mwape watoto wayalete darasani. Tutayasoma pamoja.