Nyota zinaonekana Kasulo, lakini anga halipitishi submilimita

Usiku wa kiangazi pale Kasulo, wilayani Ngara, nyota huonekana vizuri kabisa. Ungedhani darubini yoyote ingefaa hapo. Lakini kwa mawimbi ya submilimita, yaani yale ambayo urefu wake haufiki milimita moja, anga hilohilo ni kama ukungu mzito. Kizuizi chenyewe hukioni kwa macho: ni mvuke wa maji.

Mawimbi haya ndiyo yanayotuletea habari za mawingu baridi ya gesi na vumbi ambamo nyota huzaliwa. Mvuke huyafyonza njiani. Ili kuupima tunauliza hivi: mvuke wote ulio juu yetu ukigeuka maji, yatakuwa na kina gani? Uwanda wa Chajnantor nchini Chile, zilipo darubini za ALMA, uko mita 5,000 hivi juu ya usawa wa bahari, na kina hicho mara nyingi ni milimita 1 tu. Kwenye tropiki zenye unyevu, milimita 20 ni jambo la kawaida.

Sasa piga hesabu. Tuseme milimita 1 inapitisha asilimia 85 ya mawimbi. Ya pili inapitisha asilimia 85 ya yaliyobaki, na kuendelea. Ukifika ya 20, umebaki na asilimia 4 hivi!

Tena mvuke wenyewe unatoa mawimbi, na haukutandazwa sawasawa. Upepo ukipitisha bonge la unyevu mbele ya darubini, kipimo hupanda kana kwamba kuna kitu kipya angani.

Ndiyo maana tunaiga anga kwenye kompyuta. Tunaligawa matabaka, kila moja na joto, kanieneo na unyevu wake. Tunatengeneza mabonge kwa kanuni za msukosuko alizotoa Kolmogorov mwaka 1941, kisha tunayasukuma kwa upepo mbele ya wingu bandia la gesi. Kwa kuwa wingu hilo tumeliweka wenyewe, tunajua kama programu ya kusafisha data imeondoa mvuke tu au imefuta na wingu.

Kwetu Afrika hili lina uzito. Mradi wa Africa Millimetre Telescope, wa mawimbi marefu kidogo kuliko haya, ulianza kwa kuulenga mlima Gamsberg wa Namibia, ulio mkavu na wenye mita 2,347. Na Kilimanjaro yetu, mita 5,895? Kabla ya kupandisha hata bomba moja la chuma, takwimu za hali ya hewa na kompyuta vinaweza kuanza kutujibu. Kazi hiyo hata mwanafunzi wa Ngara anaiweza.