Ndege wa Wabugun: Safari ya darubini juu ya Bonde la Tenga

Mwishoni mwa Aprili, katika jimbo la Arunachal Pradesh, kunapambazuka kabla ya saa kumi na moja alfajiri. India nzima hufuata saa moja, kuanzia pwani ya Gujarat hadi mpaka wa Myanmar, hivyo kwenye kona hii ya kaskazini mashariki jua huwahi sana na giza huingia mapema. Mtazamaji ndege aliyelala Lama Camp, kambi ya mahema iliyo kwenye mwinuko wa mita 2,350 hivi, hana nafasi ya kujivuta kitandani. Mpishi keshainjika chai gizani. Chini, Bonde la Tenga bado limemezwa na ukungu, na sauti za kwanza msituni zinaanza kusikika kabla macho hayajaona chochote.

Hapa ndipo lango la Eaglenest, hifadhi ya wanyamapori yenye kilomita za mraba 218 tu, iliyotangazwa mwaka 1989 katika wilaya ya West Kameng. Kwa ukubwa si kitu. Kinachoifanya iwe mahali pa pekee ni mteremko wake: inaanzia karibu mita 500, kwenye joto la nyanda za Assam, na kupanda hadi mita 3,250, penye baridi na vichaka vya rododendroni. Aina zaidi ya 450 za ndege zimeorodheshwa humo. Anayeshuka polepole kutoka juu hadi chini hubadilisha hali ya hewa, miti na ndege kila baada ya saa chache za kutembea, na hiyo ndiyo siri ya safari zinazoongozwa hapa: kambi zimepangwa kwa mwinuko. Kutoka Lama Camp msafiri huvuka kilele cha njia kwenye mita 2,800, kisha hushukia Bompu, kwenye mita 1,940, halafu Sessni, kwenye mita 1,250.

Njia yenyewe ni barabara ya udongo iliyochongwa na jeshi ubavuni mwa mlima. Hata jina Eaglenest, kwa mujibu wa masimulizi yanayokubalika huko, limetokana na kikosi cha jeshi la India chenye nembo ya tai mwekundu kilichowekwa eneo hilo katika miaka ya 1950. Vita vya mpakani kati ya India na China vya mwaka 1962 vilipita kwenye milima hii. Leo magari ni machache, na asubuhi si ajabu kukuta samadi mbichi ya tembo katikati ya njia. Mwongozaji hushika bonge moja kwa mkono kupima joto lake kabla ya kuamua kama kundi liendelee kutembea au lirudi kwenye gari. Tembo wa Asia wanapanda milima mikali kuliko watu wengi wanavyodhani, na kwenye kona iliyofunikwa na mianzi hakuna anayetaka kukutana nao uso kwa uso.

Mgeni aliyezoea Serengeti au Nairobi National Park hupata shida siku ya kwanza. Anatazama huku na huku na haoni kitu. Nusu saa nzima inapita, msitu kimya, maji yanadondoka kwenye majani, ruba mmoja anapanda polepole kwenye buti. Mwongozaji hainui hata darubini. Amesimama kichwa kikiwa upande, anasikiliza. Halafu ananyoosha kidole bila kusema, na ghafla mti uliokuwa mtupu unajaa: ndege wadogo wa kijani, wa manjano, wa kijivu, wenye kishungi, wasio na kishungi, wengine kwenye matawi ya juu, wengine wakitambaa shinani kichwa kikiwa chini, wote wakisogea upande mmoja wakidonoa wadudu. Kumbe wamo aina kumi na zaidi katika msafara mmoja. Wakipita, wamepita, baada ya dakika chache msitu umenyamaza tena.

Misafara hiyo ya mchanganyiko ndiyo moyo wa utazamaji ndege katika Himalaya ya mashariki. Ndege wa aina mbalimbali hutafuta chakula pamoja kwa sababu macho mengi humwona mwewe mapema, na kwa sababu mmoja akifukua majani, wadudu wanaokurupuka huwa riziki ya mwingine. Mwongozaji mzuri hapa hatambuliwi kwa macho makali. Hutambuliwa kwa masikio, na kwa uwezo wa kumwelekeza mtu haraka: shina la tatu kushoto, panda hadi penye kuvumwani, fuata tawi linaloinama, hapo hapo. Asiyejua kuelekeza humwacha mgeni akitafuta jani wakati ndege ameshahamia mlima wa pili.

Wapo pia wasiotembea kwa misafara. Tragopan wa Temminck, ndugu wa kwale na kuku, dume lake likiwa na mwili mwekundu wenye madoadoa na uso wa buluu, hujitokeza pembezoni mwa barabara alfajiri kwa muda mfupi, kisha huzama kwenye kichaka. Kwenye miteremko ya chini kuna hondohondo mwenye shingo ya rangi ya kutu. Dume lina rangi hiyo kichwani, shingoni na tumboni. Jike ni jeusi. Kama walivyo hondohondo wengi wa Afrika Mashariki, jike hujifungia ndani ya tundu la mti, huziba mlango na kuacha ufa, na dume hulisha familia nzima kupitia ufa huo. Tundu la kumtosha ndege mkubwa kiasi hicho hupatikana kwenye mti mzee na mnene tu. Mti huo ukiuzwa mbao, hakuna kizazi.

Lakini wengi wanaofunga safari hadi Singchung, kijiji cha kabila la Wabugun kilicho juu ya Bonde la Tenga, wanamfuata ndege mmoja tu.

Mwaka 1995, Ramana Athreya, mwanasayansi ambaye kazi yake ni elimu ya nyota kwa kutumia mawimbi ya redio, aliona milimani hapa ndege wawili asiowatambua. Hawakuwamo kwenye kitabu chochote alichokuwa nacho. Alikaa na fumbo hilo miaka kumi. Januari 2005 akawaona tena, na Mei 2006 mmoja akanaswa kwenye wavu mwembamba. Alikuwa na mwili wa kijivu unaoelekea kijani cha zeituni, kofia nyeusi kichwani, doa la manjano ya machungwa mbele ya jicho, na mbawa zilizopambwa kwa manjano, nyekundu na nyeupe. Ukoo wake ni uleule wa zogoyogo, wale ndege wa makelele wanaotembea makundi makundi kwenye vichaka vya Afrika Mashariki. Ndugu yake wa karibu kabisa, hata hivyo, yuko milima ya China ya kati, zaidi ya kilomita elfu moja kutoka hapo.

Desturi ya kisayansi ilitaka ndege huyo auawe na kuhifadhiwa kwenye jumba la makumbusho ili awe kielelezo cha spishi mpya. Athreya alikataa. Ndege waliokuwa wameonekana walihesabika kwa vidole, na kumwondoa hata mmoja kungeweza kuwa pigo kwa wote. Alipimwa, akapigwa picha, sauti zikarekodiwa, manyoya machache yaliyobaki wavuni yakatunzwa, naye akaachiwa aende zake. Spishi ikatangazwa mwaka huohuo wa 2006 kwa jina Liocichla bugunorum, yaani liocichla wa Wabugun.

Uamuzi huo una mfano wake karibu na kwetu, na mfano wenyewe unaonyesha kuwa njia hiyo haikosi hatari. Mwaka 1988 ndege wa aina ya tiva alionekana kwenye uwanja wa hospitali ya Bulo Burti nchini Somalia, akanaswa, akachunguzwa na kuachiwa huru mwaka 1990. Alitangazwa kuwa spishi mpya kwa ushahidi wa manyoya na damu. Mwaka 2008 uchunguzi mpya wa vinasaba ulionyesha kuwa hakuwa spishi mpya, bali tiva wa kawaida mwenye rangi isiyo ya kawaida. Kwa liocichla mambo yamekwenda vingine: sauti yake, umbo lake na rangi zake vimesimama imara, na hakuna anayeitilia shaka nafasi yake. Leo yumo kwenye orodha ya ndege walio hatarini kabisa kutoweka duniani.

Jina hilo la Wabugun lilibeba uzito zaidi ya heshima tu. Sehemu kubwa ya ardhi ya Arunachal Pradesh iko mikononi mwa jamii kwa mila, si mikononi mwa serikali, na ndege huyo huonekana hasa nje ya mipaka ya hifadhi. Alionekana kwenye msitu wa kijiji, karibu na Lama Camp. Wabugun, kabila dogo la watu wasiozidi elfu chache, ndio waliokuwa na uamuzi. Nao walikuwa na sababu ya kuwa na uchungu, maana Desemba 1996 Mahakama ya Juu ya India ilisimamisha usafirishaji wa magogo kutoka majimbo ya kaskazini mashariki, na viwanda vya mbao vikafungwa. Kwa mlinda mazingira hiyo ilikuwa habari njema. Kwa kijana wa Singchung aliyekuwa akiendesha lori la magogo, ilikuwa kukatiwa riziki usiku mmoja.

Utalii wa ndege uliingia kwenye pengo hilo. Kuanzia mwaka 2003, Athreya na wenzake walifanya kazi pamoja na wenyeji kuweka kambi, kufundisha vijana kutambua ndege na kuwazoesha wapishi na madereva kuhudumia wageni. Kambi zikawa za kijiji, na wageni wakatozwa ada ya jamii. Mwaka 2017 kijiji kikapiga hatua ambayo vijiji vingi vingesita kuipiga: kikatenga kilomita za mraba 17 za msitu wake kuwa hifadhi ya jamii, Singchung Bugun Village Community Reserve, inayolindwa kwa doria za vijana wa hapo hapo. Ardhi haikuchukuliwa na serikali. Imebaki ya Wabugun, na ndiyo maana mpango umedumu.

Msitu huu pia umekuwa darasa. Tangu mwaka 2011, Umesh Srinivasan, mtafiti wa Taasisi ya Sayansi ya India mjini Bengaluru, pamoja na wasaidizi wanaotoka jamii za hapo, wamekuwa wakinasa ndege wadogo karibu na Bompu, kuwavisha pete zenye namba na kuwaachia, mwaka baada ya mwaka. Kumkamata tena ndege yuleyule miaka kadhaa baadaye humweleza mtafiti nani ameishi na nani amekufa. Matokeo yanatia wasiwasi: pale miti ilipokatwa joto ni kali zaidi na wadudu ni haba, na ndege wengi wanaotegemea wadudu wa chini ya msitu hawadumu kama wenzao wa msitu usioguswa. Aina nyingi zinasogea juu zaidi kufuata ubaridi. Msitu ukikatwa kati ya chini na juu, njia ya kupandia inakatika.

Kuna uzi mwingine unaounganisha milima hii na Tanzania. Mwaka 1991, kwenye milima ya Udzungwa, watafiti waliona kambini miguu miwili ya ndege wasiyemjua ndani ya sufuria ya chakula. Miguu ile iliwafikisha kwa kwale wa Udzungwa, aliyetangazwa rasmi mwaka 1994. Kilichowashangaza wataalamu ni kwamba ndugu zake hawako miongoni mwa kwale wengine wa Afrika. Wako Asia, katika jamii ya kwale wa milimani ambao Eaglenest inao, akiwemo mwenye kifua cha rangi ya damu ya mzee. Anayesikia mlio wake ukipanda kwenye ukungu wa Bompu anasikia binamu wa ndege wa Iringa.

Msimu mzuri ni kati ya Machi na Mei, ndege wanapoimba na kujenga viota, na tena Novemba na Desemba, anga likiwa safi. Juni mvua za monsuni huanza na barabara huporomoka. Wageni wengi hutua Guwahati, jimbo la Assam, kisha huendesha kutwa nzima kupitia Tezpur na Bhalukpong. Raia wa kigeni huhitaji kibali maalumu cha kuingia Arunachal Pradesh, nacho huombwa mapema kupitia wakala aliyesajiliwa.

Msafiri aombe pia mambo mawili kwa mwongozaji wake. La kwanza, asimpigie liocichla sauti ya kurekodiwa ili atoke kichakani. Ndege wachache kiasi hicho, wakivutwa kila siku na kila kundi la wageni, huacha kulisha makinda na kwenda kupambana na mpinzani asiyekuwepo. Kumsubiri kwa utulivu asubuhi mbili au tatu si gharama kubwa. La pili, aulize kabla ya kulipa ni kiasi gani cha fedha yake kitafika Singchung, na kama jibu halieleweki, atafute mwongozaji mwingine.