Kabla hujanunua ulinzi wa jina lako, piga *106#

Jua likiwaka, mwalo wa Bangwe mkoani Kigoma hujaa dagaa walioanikwa, na biashara yao siku hizi huanzia na kuishia kwenye simu. Mnunuzi yuko Dar es Salaam, gunia hajaliona, lakini pesa imeshaingia kwa mama anayegeuza dagaa juani. Laini hiyo ndiyo benki yake. Ndiyo pia inayomwezesha kukopa kwa Songesha, huduma ya mkopo wa simu, mwezi ukiwa mbaya. Anayeiteka laini ameteka mtaji.

Ng'ambo, hofu kama hiyo imekuwa bidhaa. Unalipa kila mwezi, nayo kampuni inakuangalizia kadi yako ya mkopo na kukuarifu mtu akikopa kwa jina lako. Je, ni pesa ya kutoa?

Tuwatazame waliotangulia kuinunua. Marekani, mkuu wa kampuni ya LifeLock, Todd Davis, aliianika hadharani namba yake ya hifadhi ya jamii kwenye matangazo ili kuonyesha kwamba wateja wake hawaibiki. Wezi wakaichukua wakakopea jina lake, tena si mara moja. Mwaka 2010 kampuni hiyo ilikubali kulipa dola milioni 12 kumaliza madai ya kutangaza ulinzi isioutoa, na mwaka 2015 ikakubali kulipa dola milioni 100 nyingine. Huduma ya aina hii ni mlinzi anayekugongea asubuhi kukuambia usiku waliingia wezi. Na baada ya taarifa za watu wapatao milioni 147 kuvuja kutoka kampuni ya taarifa za mikopo ya Equifax mwaka 2017, sheria ya Marekani iliamuru kuanzia Septemba 2018 kwamba mtu akiomba afungiwe taarifa zake za mikopo bure, mwizi asiweze kukopea jina lake.

Turudi Bangwe, ambako wizi una sura yake. Tangu usajili wa laini kwa alama za vidole uanze mwaka 2019, kidole na namba ya kitambulisho cha taifa (NIDA) ndiyo sahihi yako. Msajili tapeli akiwa chini ya mwavuli wake anakwambia, "Mama, alama haijasoma, weka tena." Unaweka tena, na tena. Unaondoka na laini moja, yeye anabaki na nyingine yenye jina lako. Laini hiyo ndiyo itakayotuma "ile hela tuma kwenye namba hii", na polisi wakifuatilia, jina watakalolikuta ni lako. Mwingine anapiga akijifanya mhudumu wa mtandao, anaomba namba ya siri "tukurekebishie akaunti". Huduma ya kulipia ya kulinda kadi haimzuii hata mmoja wa hawa.

Kinachowazuia ni bure. Piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Usiyoitambua, nenda ofisi ya mtandao husika ifutwe. Mtandao ukikupigia, hutumia namba 100 tu. Mwingine yeyote, kata simu. Ujumbe wa kitapeli, tuma namba iliyouleta kwenda 15040. Laini ikikata ghafla ilhali wenzako wana mtandao, azima simu yenye laini ya mtandao huohuo, piga 100, uifunge kabla salio halijahama. Pesa ikishaibwa, nenda kituo cha polisi ukachukue RB, yaani namba ya taarifa yako, maana bila hiyo madai yako hayana mguu.

Ipo pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023. Anayechukua kitambulisho chako anawajibika kwa anachokifanyia, na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ndiko kwa kumlalamikia. Kwa hiyo anayetaka kubaki na nakala ya NIDA yako, muulize ni ya nini.

Aliyeko ughaibuni mwenye kadi kadhaa na asiye na muda wa kuzifuatilia anaweza kununua huduma hiyo, mradi ajue kwamba ananunua taarifa na msaada wa kusafisha jina. Kinga hainunuliwi hapo. Kwa mfanyabiashara wa Bangwe, ada ya kila mwezi ni heri iende kwenye nyavu na mafuta. Piga *106# leo, kisha chukua simu ya mzazi wako umwangalizie na yeye.