Mja mzito na chungu cha mfinyanzi

Sehemu za chungu tumezipa majina ya viungo vya binadamu: mdomo, shingo, tumbo na kitako. Magdalene Odundo, mfinyanzi aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950 na kufanyia kazi yake Uingereza, amejenga sanaa yake juu ya mfano huo. Vyungu vyake si vya kutekea maji bali ni sanamu za mwili. Huvijenga kwa mikono bila gurudumu, mbinu aliyojifunza kwa wafinyanzi wanawake wa Abuja, Nigeria, miaka ya 1970, kisha huvisugua hadi ving'ae kama ngozi. Vingi vina tumbo kubwa kama la mja mzito, juu ya kitako chembamba.

Chungu cha namna hiyo husimama kwa mizani. Tumbo likitokeza mbele, shingo haina budi kuelemea nyuma, la sivyo chungu kitaanguka.

Mwili wa mja mzito nao hufuata kanuni hiyo. Mtoto anapokua, uzani husogea mbele. Mama huyarudisha mabega nyuma, na mgongo hubonyea zaidi kiunoni. Wakati uo huo, homoni za mimba hulegeza kano za nyonga. Misuli ya mgongo hulazimika kufanya kazi ya ziada, ndipo maumivu yanapoanza.

Sasa fikiria mama wa Kware, Embakasi, anayeishi gorofa ya tano katika ploti ambayo maji huchotwa chini. Mtungi wa lita 20 una uzani wa kilo 20. Akiubeba kwa mkono mmoja, mgongo uliokwisha kubonyea huvutwa upande pia.

Kwanza, mzigo huo ubebwe na mume au jamaa mwingine. Pasipo msaidizi, mama atumie vibuyu viwili vidogo, kimoja kila mkono. Anapoinua kitu akunje magoti, wala asiiname kiunoni. Avae viatu bapa, na alale kwa ubavu akiweka mto katikati ya magoti.

Asikimbilie duka la dawa kununua diklofenaki au ibuprofeni. Dawa hizo, hasa baada ya wiki ya 20, zaweza kudhuru figo na moyo wa mtoto. Amwone daktari au mkunga kwanza.

Aidha, si kila maumivu ya mgongo ni ya mizani. Yakija na kuondoka kama mawimbi kabla ya wiki ya 37, huenda ni uchungu wa mapema. Yakiandamana na damu, maji kutoka ukeni, homa, kukojoa kwa maumivu, miguu kufa ganzi au mtoto kupunguza kucheza, mama afikishwe hospitalini siku hiyo hiyo.

Kliniki ianzwe kabla ya wiki ya 12, wala si tumbo lionekane kwanza. Wahenga walisema, udongo uwahi ungali maji.