Kupanda Bugando kwa Baiskeli, Kisha Kulizunguka Ziwa

Muulize mkazi wa Mwanza kwa nini haendi kazini kwa baiskeli. Jibu la kwanza litakuwa milima, la pili magari. Yote mawili yana ukweli, na yote mawili yana ufumbuzi usiohitaji misuli ya mwanariadha. Nianze na mlima, maana ndio unaosingiziwa zaidi.

Baiskeli iliyozoeleka Kanda ya Ziwa ni ile nzito ya chuma, Phoenix na wenzake: magurudumu ya inchi 28, keria imara, gia moja. Ni chombo cha kuheshimiwa. Kwenye tambarare za Magu, Kwimba na Misungwi hubeba magunia ya mkaa, madumu ya maziwa, matenga ya samaki, mama na mtoto wake, na imelipa karo za watoto wengi. Ila ukitaka kujua kwa nini inakwama kwenye mlima wa Bugando au wa Isamilo, usiangalie mapaja ya mwendeshaji. Hesabu meno.

Chukua baiskeli yenye sproketi ya meno 48 mbele na 20 nyuma. Pedeli zikizunguka mara moja, gurudumu la nyuma linazunguka mara 2.4, na baiskeli inasogea kama mita 5.3. Kwenye barabara tambarare hilo ni jambo zuri. Mizunguko 60 kwa dakika inakupeleka karibu kilomita 19 kwa saa, na bado unaweza kuongea na mwenzako.

Sasa ingia mlimani, tuseme mlima unaopanda mita 6 kwa kila mita 100. Wewe na baiskeli yako mna uzito wa kilo 100. Mtu mzima mwenye afya, asiye mwanamichezo, anaweza kutoa nguvu ya wati 100 kwa muda mrefu bila kuhema sana. Kwa nguvu hiyo atapanda mlima huo kwa mwendo wa takriban kilomita 6 kwa saa, yaani mita 100 kwa dakika. Gawanya 100 kwa 5.3: pedeli zinatakiwa kuzunguka mara 19 tu kwa dakika. Mzunguko mmoja unachukua zaidi ya sekunde 3. Hakuna goti linalokubali kazi hiyo. Mtu anasimama juu ya pedeli, anasukuma kwa uzito wote wa mwili, mapigo ya moyo yanapanda, na baada ya nguzo tatu za umeme anashuka na kukokota.

Mpe mtu huyohuyo baiskeli ya mtumba ya inchi 26 yenye gia nyingi, aweke meno 22 mbele na 32 nyuma. Sasa kila mzunguko unamsogeza mita 1.4. Mwendo ni uleule wa kilomita 6 kwa saa, nguvu ni ileile ya wati 100, lakini pedeli zinazunguka mara 71 kwa dakika, mwendo ambao miguu inaupenda. Bugando haijapungua hata sentimita moja. Kilichobadilika ni meno. Kwa hiyo ukienda kununua baiskeli ya mtumba, usidanganywe na rangi wala maandishi ya fremu. Angalia kwanza kama sproketi ndogo kabisa ya mbele ni ndogo kuliko kubwa kabisa ya nyuma. Ikiwa ni ndogo, baiskeli hiyo imetengenezwa kwa ajili ya milima kama yetu.

Mwenye Phoenix naye asikate tamaa. Fundi anaweza kumbadilishia friwili, yaani sproketi ya nyuma, akapata meno mawili au manne zaidi, nafuu ndogo lakini inayosikika magotini. Palipo pakali zaidi, akokote. Mita 300 za kukokota hazimchelewishi mtu kazini.

Ipo siri ya Mwanza ambayo watu wengi hawaioni. Barabara kuu za jiji zimefuata mabonde na kando ya ziwa. Barabara ya Kenyatta inapita Igogo, Mkuyuni, Butimba na Nyegezi, karibu na maji. Barabara ya Makongoro inapita Kirumba na Pasiansi kuelekea uwanja wa ndege. Milimani, kwenye miamba, ndiko nyumba zilikojengwa: Bugarika, Isamilo, juu ya Mabatini. Maana yake ni kwamba wakazi wengi wanashuka asubuhi na kupanda jioni. Unafika kazini bila shati kulowa jasho, na jasho lote linakuja wakati unarudi nyumbani kuoga. Ipo miji mingi duniani ambayo ni kinyume chake, na wafanyakazi wake wanahitaji bafu ofisini.

Hata hivyo, mtu anayeanza siku kwa kuteremka anahitaji breki kabla ya kuhitaji gia, na hapa ndipo ninapokuwa mkali. Baiskeli nyingi zinazoshuka milima yetu zina breki ya nyuma peke yake, na hiyo nayo imefungwa kwa kamba ya mpira. Ukifunga breki, uzito wa mwili unahamia gurudumu la mbele, na gurudumu la nyuma linakuwa jepesi na kuanza kuteleza. Sehemu kubwa ya nguvu ya kusimama iko mbele. Breki ya mbele inaogopwa kwa sababu ya hadithi za watu kurushwa juu ya usukani, na kweli hilo hutokea mtu akiibana ghafla huku ameinama mbele. Rudisha makalio nyuma ya kiti, nyoosha mikono, bana breki zote mbili polepole ukiongeza nguvu. Jifunze hivyo mahali tambarare pasipo na magari mpaka mikono izoee.

Mvua inaongeza tatizo. Rimu za baiskeli nzito ni za chuma kilichopakwa kromu, na kromu ikilowa, mpira wa breki hauna cha kushika. Umbali wa kusimama unaweza kuongezeka mara kadhaa. Wakati wa masika, Machi hadi Mei, gusa breki mapema, kidogo kidogo, ili mpira ufute maji kwenye rimu kwa mizunguko kadhaa kabla hujahitaji kusimama kwa kweli. Rimu za alumini zinashika vizuri zaidi zikilowa, na breki za diski zaidi ya hizo.

Mwambie fundi akague kabla masika hayajaanza, nawe usiende zako, simama umtazame. Fundi anayeijua kazi atanyanyua gurudumu, alizungushe, kisha ataweka ukucha wa kidole gumba karibu na rimu ili aone linapoyumba. Atazigusa spoki moja moja kwa bisibisi asikilize mlio. Inayolia chini kuliko wenzake imelegea, na ndiyo itakayosababisha nyingine zikatike. Halafu atalishika gurudumu pembeni na kulitikisa kulia na kushoto. Likigonga, gololi zimekwisha au koni imelegea. Ukaguzi huo ni wa dakika chache, na ndio unaofanya baiskeli idumu miaka 20.

Tuje kwenye magari. Kosa la kawaida la mwendesha baiskeli mwoga ni kujibana ukingoni kabisa mwa lami, penye mchanga, vipande vya chupa na lami iliyomeguka. Anadhani yuko salama, kumbe anawaambia madereva kwamba nafasi iliyobaki inatosha wapite hata kama gari jingine linakuja mbele. Isitoshe, akikuta shimo hana pa kukimbilia isipokuwa katikati ya barabara, na dereva wa nyuma hakutegemea. Kaa karibu mita 1 kutoka ukingoni, nenda mstari ulionyooka, na usiingie na kutoka kati ya magari yaliyoegeshwa. Ukiyapita hayo, acha nafasi ya mlango kufunguka.

Daladala zina lugha yake, nayo inajifunzika. Kabla Hiace haijasimama, konda hugonga bodi au abiria hupiga kelele ya "shusha!" Ukisikia hivyo, usijaribu kupita kushoto, kati ya gari na kituo, hapo ndipo abiria wanaposhukia. Punguza mwendo, subiri, au geuka uangalie nyuma na upite kulia kama pako wazi. Kwenye makutano, hatari kubwa ni gari linalokupita kisha likakata kushoto mbele yako. Usisimame ubavuni mwa lori linalosubiri kukata kona. Kama huoni uso wa dereva kwenye kioo chake, naye hakuoni.

Lakini sikubali mzigo wote abebeshwe mwendesha baiskeli. Mwendo wa mwisho unaoruhusiwa maeneo ya makazi ni kilomita 50 kwa saa, na gari lililo kwenye mwendo huo lina nishati karibu mara 3 ya lililo kwenye kilomita 30. Hiyo ndiyo nishati inayoingia mwilini mwa mtu. Barabara kuu ziko chini ya TANROADS, za mitaa chini ya TARURA. Diwani anapouliza wananchi wanataka nini, tumwambie tunataka mabega ya barabara yafagiliwe mchanga, yasigeuzwe maegesho, na kona za vitongojini ziwe na matuta. Tumwombe pia vyuma vya kufungia baiskeli kwenye soko la samaki la Mwaloni, hospitalini na stendi. Hivi ni vitu vya bei ndogo kuliko barabara moja ya juu.

Aliyezoea kwenda kazini kwa miezi michache tayari ana mwili wa safari ndefu, hata kama hajui. Safari ya kwanza ninayoipendekeza ni ya siku moja. Panda kivuko cha asubuhi kwenda Kamanga, endesha hadi Sengerema, ule, kisha urudi kwa Daraja la J.P. Magufuli la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa Juni 2025. Daraja lina urefu wa kilomita 3. Kabla halijajengwa, safari ilitegemea foleni ya kivuko. Sasa kwa baiskeli ni dakika 10. Lipite kabla jua halijapinda sana, maana mchana upepo wa ziwani huwa na nguvu, na juu ya maji hakuna mti wala jengo la kuukinga.

Chakula cha njiani kimeshapikwa na mabibi zetu. Michembe na matobolwa, viazi vitamu vilivyokaushwa, ni vyepesi kubeba, haviharibiki kwa joto, na vimejaa wanga ambao misuli inautafuta. Tafuna kidogo kila baada ya nusu saa, kabla njaa haijabisha, na unywe karibu nusu lita hadi robo tatu ya lita ya maji kwa saa. Maji ya ziwa yasikutamanishe. Kichocho kimejaa kwenye fukwe zetu, na konokono wanaokibeba hupenda palepale penye majani na maji yaliyotulia, ambapo msafiri aliyechoka hutamani kuingiza miguu.

Kisha ipo safari kubwa, ya kulizunguka Ziwa Victoria lote kwa barabara, kama kilomita 1,500 katika nchi tatu. Anzia Mwanza uende Magu, Lamadi, Bunda na Musoma, uvukie Sirari kuingia Kenya. Ushauri wangu ni uelekeo huu. Nchi zote tatu zinaendesha kushoto, hivyo ukianza na mashariki ziwa linakuwa upande wako wa kushoto, na kila njia ya kuteremkia ziwani unaiingia bila kukata barabara. Pale Lamadi barabara inapita kando ya lango la Ndabaka la Hifadhi ya Serengeti. Usipite hapo giza likianza. Tembo hawasomi mabango. Kutoka Kisumu utavuka ikweta Maseno, kisha Busia, mpaka ambapo vijana wa baiskeli waliobeba abiria kati ya vituo viwili vya forodha ndio waliozaa kazi ya bodaboda. Utavuka ikweta tena Kayabwe, ukitoka Kampala kwenda Masaka, kabla ya kurudi nyumbani kwa Mutukula na Bukoba.

Mtanzania hahitaji viza Kenya wala Uganda, lakini abebe pasi ya kusafiria na cheti cha chanjo ya homa ya manjano, pamoja na risiti ya baiskeli kwa maofisa wa forodha. Anayetaka kugeukia Kigali, mji ulioandaa mashindano ya dunia ya baiskeli ya barabarani Septemba 2025, ya kwanza barani Afrika, akumbuke kwamba akivuka Rusumo anahamia kulia mwa barabara. Asubuhi ya pili ndiyo ya hatari, maana mtu huamka amesahau.

Kuhusu baiskeli ya safari hiyo, ninasimama na inchi 26. Tairi na tyubu zake zinapatikana hata kwenye duka la kijijini, wakati saizi mpya zinahitaji Kampala au Nairobi. Beba spoki mbili za akiba, kipande cha cheni, viraka na gundi yake, na mzigo uukalishe chini, pande zote mbili za keria, usiwe rundo juu yake.

Wakati mzuri ni Juni hadi Agosti, mvua zikiwa zimepungua. Miezi hiyo upepo unatoka kusini mashariki. Utakusaidia kutoka upande wa nyuma ukipanda kaskazini kutoka Lamadi hadi Musoma na Kisumu, na utakukabili usoni ukishuka kutoka Bukoba, palepale vilima vya Kagera vinapoanza. Kwa hiyo usigawanye kilomita sawasawa kwa siku. Panga 100 kwa siku upande wa mashariki, na 60 tu kati ya Mutukula na Geita.