Akili mnemba machimboni: Mshauri aanze na daftari

Akili mnemba haikuingia Kharumwa, wilayani Nyang'hwale, kwa mlango wa mgodini. Iliingia kwa simu ya mkononi. Huduma za mikopo ya simu kama Timiza ya Airtel na Nivushe ya Tigo zilitegemea mfumo wa kampuni ya JUMO, ambao husoma mwenendo wa mteja kwenye simu, kisha hukadiria nani akopeshwe na kiasi gani. Hakuna ofisa aliyefunga safari kwenda kuhesabu ng'ombe wa mkopaji. Kampuni za simu zilikuwa na kumbukumbu za wateja. JUMO ilikuja na utaalamu wa kuzisoma.

Kusoma kumbukumbu za mteja ndiyo biashara ya washauri wa teknolojia popote duniani, na sasa wanabisha hodi kwa wateja wa kila aina. Dar es Salaam zipo kampuni kubwa kama Deloitte na PwC, na zipo za vijana wa nyumbani kama Neurotech, waliotengeneza Sarufi, mfumo unaowezesha biashara kuwajibu wateja wake kwa Kiswahili. Kwa mwenye duara (shimo la dhahabu), karasha (mashine ya kusaga mawe) au elusheni (mtambo wa kuchenjulia dhahabu) wilayani Nyang'hwale, swali la kwanza lisiwe bei ya mashine. Aulize: itajifunza kutokana na nini?

Kisa cha Goldcorp ya Kanada kinafundisha. Mwaka 2000, mgodi wake wa Red Lake ulipodorora, mkuu wa kampuni, Rob McEwen, alianika hadharani taarifa zote za kijiolojia zilizokusanywa tangu 1948, akatangaza zawadi ya dola 575,000 kwa watakaoonyesha dhahabu ilipo. Washindi wa kwanza walikuwa kampuni mbili za Australia zilizochora mgodi huo kwa kompyuta bila kukanyaga Red Lake. Utaalamu wao ulikuwa mkubwa, lakini usingefua dafu bila kumbukumbu za nusu karne.

Kwetu, kina cha duara, mwelekeo wa mwamba na gramu zilizopatikana kwa tani vimo kichwani mwa msimamizi. Siku akisikia kuna mlipuko wa dhahabu kwingine, anaondoka navyo. Tangu masoko ya madini yaanzishwe mwaka 2019, dhahabu hupimwa na kuandikwa inapouzwa, Serikali ikichukua mrahaba wake. Kwa hiyo dhahabu ina daftari sokoni, ila haina daftari shimoni. Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini (GST) inalenga kufikisha utafiti wa kina wa kutumia ndege kutoka asilimia 16 ya nchi hadi asilimia 50 ifikapo 2030. Ni hatua njema, lakini ndege haitamwambia mtu kwa nini viroba vya wiki hii vimetoa nusu ya gramu za wiki iliyopita.

Mshauri mzuri atatambulika mapema. Atachagua tatizo moja linalouma, tuseme dizeli inayoliwa na karasha, alipime kwanza, afanye jaribio dogo, awafundishe wafanyakazi, ndipo azungumzie mfumo mkubwa. Mkataba nao uwe na meno: ramani ya mwamba ni mali ya mchimbaji, isiuzwe wala kupewa mwingine. Taarifa za vibarua nazo zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mchimbaji, nunua kaunta buku leo. Andika kila siku kina, viroba, lita za dizeli na gramu. Mshauri akija, mpe hilo kwanza. Akilisukuma pembeni na kuanza kukuonyesha picha kwenye kompyuta yake, msindikize hadi stendi.